Flashi Uliyoniachia

12 Oktoba 2006

Mdogo wangu Beom-u,

Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba: neno lolote la barua hii lisitoke kwako. Usiwasomee wenzako bwenini, usiifiche kabatini maana umesema mnakaguliwa, na usimwandikie Mama kwa namna itakayomfanya aulize maswali. Isome chooni, kisha ichane. Najua utacheka. Cheka, lakini ichane.

Sisi huku wazima. Chuseok, sikukuu ya mavuno, imepita bila wewe. Mama alikuwekea bakuli mezani, kisha akaliondoa mwenyewe akisema amekosea hesabu. Mgongo wa Baba umepoa kidogo, na tufaha za mwisho zinaanza kushika rangi. Wewe unaendeleaje? Watu wanasema baridi ya huko jeshini Cheorwon huanza kabla ya kalenda. Soksi za sufu zimo ndani ya kifurushi, chini ya biskuti, ili wakubwa wako wakipekua waishie kwenye biskuti.

Mimi bado niko katika miezi yangu sita ya majaribio. Unajua miaka niliyosomea mtihani ule wa serikali, katika chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Sasa nina kitambulisho kifuani, nakaa kaunta ya karibu na mlango wa ofisi ya kata, na simu ikilia nasimama kwanza ndipo naipokea. Wenzangu wananicheka.

Jambo lenyewe ni hili. Kompyuta ya kaunta si ya mtu mmoja. Jioni ikizimwa inajisafisha, na asubuhi unaikuta tupu kama chumba cha hoteli: ukubwa wa herufi si wako, anwani za fomu hazipo, ulichohifadhi jana hakipo. Wakubwa wana kompyuta zao. Mimi kila siku naanza upya. Wiki iliyopita bibi mmoja alisubiri cheti cha familia mpaka akaniuliza, "Binti, serikali hii imefunguliwa leo asubuhi?"

Ndipo nikakumbuka flashi yako. Uliponiachia ulisema, "Nishikie, dada. Kompyuta yangu nzima imo humu. We shika ufunguo tu, nyumba usiingie." Niliingia, Beom-u. Nilitaka kona ndogo tu ya kuwekea vitu vyangu. Nilipoichomeka, ile kompyuta ya serikali ikawa yako papo hapo: picha yako ya mlima, faili zako, hata kishale chako chenye umbo la samaki. Nikaongeza fomu zangu pembeni. Nikiichomoa, yote yanaondoka nayo, kama vile hakuna aliyekaa pale. Sasa kazi inakwenda. Wiki hii bibi yule alirudi, akanisifu.

Lakini flashi za nje zimekatazwa ofisini, na mtu wa majaribio huondolewa kwa sahihi moja tu. Naivaa shingoni, ndani ya sweta. Jana Bwana Guk, mkuu wetu wa kitengo, aliona uzi.

"Bi Tak, hiyo shingoni ni hirizi?"

"Ni ya nyimbo, bwana. Nasikiliza njiani."

"Nyimbo gani?"

Sikukumbuka wimbo hata mmoja duniani. Nikasema, "Za kanisani." Sijawahi kuingia kanisani.

Nina swali. Flashi yako ikichomekwa, kuna vitu vinavyojifungua bila kuguswa? Liliibuka dirisha dogo la maongezi, lenye jina lako. Nililifunga. Nauliza tu.

Dada yako,
Eun-sil


29 Oktoba 2006

Dada Eun-sil, mtumishi wa umma,

Barua yako nimeichana kama ulivyoagiza, chooni kama ulivyoagiza, na biskuti zimeliwa na wakubwa kama ulivyotabiri. Soksi zimepona. Mwambie Mama nimenenepa. Si kweli, lakini mwambie. Baba mwambie asinyanyue makreti. Avunje mgongo nikiwa nyumbani, nipate kisingizio cha likizo.

Koplo Ma, mkubwa wa bweni letu, aliniona na bahasha.

"Tak! Mwanamke huyo?"

"Ni dada yangu, bwana."

"Mzuri?"

"Ni mtumishi wa serikali, bwana."

Akavua kofia. "Basi mpe salamu zangu za heshima, na umuulize kodi yangu imefikia wapi."

Umeingia nyumbani mwangu bila kupiga hodi, mama wewe! Haya, umeshaingia, kaa. Ila lile dirisha lizime leo hii. Nilikuwa mvivu wa kuandika nenosiri kila mara, nikaipanga flashi inikumbukie, basi popote inapochomekwa mimi naonekana niko hewani. Fungua mipangilio, tafuta "ingia yenyewe", ondoa alama. Na ukiona maneno yanajimalizia unapoandika, usishtuke. Hayo nami niliyapanga, maana mpenzi wangu Cho-hui huandika haraka na mimi vidole vizito. Akiniona hewani Alhamisi adhuhuri atadhani nimetoroka jeshi.

Habari za Cho-hui ndizo zinanikosesha usingizi. Mwalimu wake wa uokaji amempatia nafasi Osaka, mwaka mmoja na nusu, katika duka kubwa la mikate. Jibu linatakiwa kabla Novemba haijaisha. Kaniandikia kuuliza aende au anisubiri. Simu nilijaribu mara moja. Foleni ni ya wakubwa, na zamu yangu ilipofika Koplo Ma alininyang'anya mkono wa simu akamsalimia kwa niaba ya kikosi kizima. Cho-hui alicheka sana. Mimi sikusema nililotaka. Kwa hiyo nimemwandikia. Nimeandika nini, sikuambii. Ni langu na lake.

Likizo yetu ya kwanza huenda ikasogezwa. Wanahofia homa ya kuku mashambani na hawataki tuzurure.

Lizime dirisha, dada.

Beom-u


20 Novemba 2006

Mdogo wangu Beom-u,

Nisamehe kuchelewa. Ilikuwa wiki ya kusindika kimchi. Shangazi wote walikuja, kabichi zikajaa uani mpaka mbwa akakosa njia. Mama alinipa ndoo ya pilipili kwa kuwa, alisema, mtumishi wa umma lazima awe na macho makavu. Nililia kuliko wote. Baba amemaliza tufaha. Mgongo unamsumbua lakini anasema ni hali ya hewa. Mama ameziba chungu kimoja kando, hakuna ruhusa ya kukifungua mpaka uje.

Ofisini nazoea. Juzi simu ililia nikaipokea nikiwa nimekaa. Bwana Guk alisema, "Bi Tak anaugua?" Lakini bado naogopa. Mtu akiita jina langu moyo unafika mlangoni kabla yangu.

Dirisha lile nimelizima.

Usiwaze mno habari za Cho-hui. Ni msichana mwenye akili, atafanya linalofaa. Hata ule mkono aliouunguza kwa trei ya tanuri umeshapona.

Kula vizuri. Jifunike masikio ukiwa zamu.

Eun-sil


10 Desemba 2006

Dada,

Natumaini wote wazima, na chungu changu bado kimezibwa. Hapa theluji imeanguka, na jeshi limegundua kwamba kuruta ni aina ya beleshi. Tunaifagia, inaanguka, tunaifagia. Likizo imesogezwa kweli, mpaka haijulikani lini. Koplo Ma anakusalimu.

Nimepata barua ya Cho-hui. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea, na siielewi. Nakunukulia kidogo:

"Asante kwa maneno yako ya Alhamisi. Barua yako ilisema niende, na nililia nayo siku nzima kwenye unga. Ndiyo maana nilikuuliza tena dirishani, na uliposema usiende, nisubiri, nilijua huo ndio moyo wako, na barua ilikuwa kiburi. Nimewaambia Osaka kwamba siji. Usinionee huruma. Nina furaha. Nalishukuru jeshi kwa kuwawekea chumba cha kompyuta, na nakushukuru kwa kuniuliza habari za mkono wangu kila siku."

Dada, chumba cha kompyuta kipo. Kuruta tunaujua mlango wake kwa sababu tunaufuta. Alhamisi ile nilikuwa ndani ya handaki nachimba udongo ulioganda kama chuma.

Ni kweli nilimwandikia aende. Neno moja, "nenda", lilinichukua usiku kadhaa. Nilijua nikimbakiza atakuwa anahesabu siku zangu badala ya zake.

Sasa nauliza mambo mawili. Nani alimwambia asiende? Na wewe ulijuaje kwamba ameungua mkono? Hata mimi sikujua.

Beom-u


18 Desemba 2006

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Nyumbani hawajambo. Ofisini ni kufunga mwaka, kazi zimerundikana, nitakujibu vizuri baadaye. Nimetuma glavu na dawa ya midomo. Usikae na miguu iliyolowa.

Eun-sil


2 Januari 2007

Dada.

Glavu zimefika.

Ni wewe?

Beom-u


9 Januari 2007

Beom-u,

Ni mimi.

Nimeanza barua hii mara nyingi kwa habari za Mama na za mbwa, na kila mara nikaona nazitumia kama pazia. Kwa hiyo leo sikusalimii kwanza. Nisamehe kwa hilo pia.

Nilikudanganya tangu barua ya kwanza. Dirisha lilipofunguka sikulifunga. Ilikuwa saa ya chakula, wenzangu wamekwenda kula tambi, nimebaki kulinda kaunta. Jina lako likawaka, na papo hapo Cho-hui akaandika, "Wewe! Umetoroka?!" Nakuapia nilitaka kumwambia, samahani, mimi ni dada yake. Niliandika herufi mbili za kwanza za kuomba radhi, na mashine yako ikamalizia sentensi yote: "Samahani, kiazi kitamu changu, nilichelewa, usininunie." Ulikuwa umeipanga hivyo. Kabla sijafuta nikasikia viatu vya Bwana Guk kwenye ngazi. Nikabonyeza kuficha dirisha, nikabonyeza vibaya, ikaenda.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Bwana Guk alichukua mwavuli wake akashuka tena. Nilikuwa peke yangu, na sentensi moja tu ingetosha. Lakini Cho-hui alikuwa ameshajibu. Alijibu kwa furaha ambayo hakuna mtu amewahi kunijibu nayo, Beom-u, na nikaona haya kumwambia kwamba furaha hiyo imeanguka kwa mtu asiye wake. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa na habari za mkono. Nikamuuliza unauma vipi. Siku iliyofuata nikawa na haya mbili, na kila siku iliyopita ikaongeza yake.

Mashine yako ilinisaidia kukuiba. Kila nilipokwama ilinimalizia: jina lako la kumbembeleza, kicheko chako, hata ule utani wa kumtisha kwamba utamuoza kwa mzee wa jirani. Nilianza neno, ukamaliza wewe. Baadaye nikawa simalizii tena kwa maneno yako. Niliandika yangu, na hakuona tofauti, au nilidhani hakuona. Nilikula chakula changu mbele ya kioo cha kompyuta na kumwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu ofisini. Kwamba naogopa simu. Nilisema ni simu ya zamu. Alinifundisha kuvuta pumzi kabla ya kuipokea. Ndiyo maana siku ile niliipokea nimekaa.

Barua yako iliposema nilizime, nilifungua mipangilio, nikaliona lile neno "ingia yenyewe", nikaiangalia ile alama. Nikaiacha.

Sasa Alhamisi. Aliandika, "Barua yako inasema niende. Ni kweli ndivyo unavyotaka?" Sikujua kama umeandika hivyo. Ulikataa kuniambia, na ulikuwa na haki. Nilikaa na swali lile mpaka mtu wa kaunta akanigongea kioo. Nilijiambia nakujua, kwamba Beom-u ni wa kusema "sijaumia" huku damu inatoka, na barua ile ni ya aina hiyo. Nilijiambia nakuokoa. Lakini lazima nikuambie na lile la chini yake. Kama angekwenda, angetaka kuagana nawe. Angepiga simu kikosini, angekuja langoni, mngeongea uso kwa uso, na kabla ya kikombe cha kwanza kuisha mngejua kuna mtu wa tatu. Niliogopa hilo kuliko nilivyojali Osaka yake au moyo wako. Ndipo nikaandika, "Usiende. Nisubiri."

Mashine haikumalizia chochote. Hayo maneno yote niliyaandika kwa vidole vyangu.

Tangu barua yako ya Desemba sijaichomeka. Cho-hui hajui. Anadhani unabanwa na mazoezi. Sijui niseme nini na kwa nani. Niambie nifanye nini, nami nitafanya, hata ukisema niende kwa Bwana Guk nikamwage yote.

Sistahili kujiita dada yako leo, lakini sina jina lingine la kuweka hapa.

Eun-sil


25 Februari 2007

Dada Eun-sil,

Nimepata barua yako kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na sikuijibu kwa sababu kila nilichoandika kilistahili adhabu ya kijeshi. Siku ya mwaka mpya tulipewa supu ya keki za mchele. Niliinama kuelekea kusini kuwasalimu Baba na Mama. Koplo Ma akaniuliza, "Na dada mtumishi hujamwinamia?" Nikasema shingo imekaza.

Nimepandishwa cheo kimoja. Sasa kuna mtu mwingine wa kufuta mlango wa chumba cha kompyuta.

Nataka ujue ulichochukua. Siku ile handakini nilikuwa nachimba huku nawaza: sasa hivi anasoma neno langu, sasa hivi anakunja nguo zake, analia lakini anakunja. Nilihuzunika mpaka beleshi likawa zito, na bado nilijiona mtu mzima kwa mara ya kwanza tangu ninyolewe. Nilikuwa nimefanya jambo jema linaloniuma. Kumbe wakati ule ule wewe ulikuwa unalifuta, na jina lililotumika ni langu.

Usiniulize kama moyoni nilifurahi kwamba hakwenda. Hilo silijibu.

Na jambo lingine linanila. Nilipomwandikia Oktoba nilijaza kurasa tatu na sikumuuliza kama yuko mzima. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji akisoma. Wewe ulimuuliza kila siku.

Huendi kwa Bwana Guk. Hilo ni woga wako unatafuta mtu mkubwa wa kukuadhibu ili uishe haraka. Utakwenda Daegu, kwenye duka la mikate anakofanya kazi Cho-hui, na utamwambia wewe mwenyewe. Usimwandikie. Usimpigie simu. Asimame mbele yako, na aone mdomo wako ukisema.

Flashi usiitupe, ni maisha yangu. Ila usiichomeke popote.

Baba mwambie nimeuliza mgongo.

Beom-u


12 Machi 2007

Mdogo wangu Beom-u,

Baba mgongo haujambo sana, anatembea na fimbo ila anaificha wageni wakija. Mama anakuuliza kila siku, kisha anajijibu. Flashi nimeifunga kwenye karatasi nikampa Baba aiweke kwenye sanduku la hati za shamba. Hakuuliza ni nini. Ofisini nimerudi kuanza upya kila asubuhi, na watu wananisubiri kaunta. Nawaambia ukweli kwamba mimi ni mzito. Miezi yangu ya majaribio imekwisha, na Bwana Guk amenithibitisha. Niliichukua ile karatasi kwa mikono miwili na sikuweza kumtazama usoni.

Jana, Jumapili, nilikwenda Daegu.

Duka ni dogo na lina joto. Cho-hui alikuwa anapanga mikate kwa koleo refu. Alinitambua kwa macho yako, nadhani.

"Dada yake Beom-u! Mbona umekonda hivi, hamli huko? Kaa, nakuletea maziwa."

Nikasema siwezi kukaa, nina la kusema nimesimama. Nikalisema. Sikulipamba. Aliendelea kupanga mikate, mmoja, mwingine, kisha akasema bila kugeuka, "Rudia." Nikarudia.

"Kwa hiyo nilipoungua mkono."

"Ni mimi."

"Aliyesema nilitukane tanuri kwa jina la baba yake?"

"Mimi."

Alicheka mpaka mteja mmoja akageuka. "Ndiyo maana alianza kuniuliza nimekula nini! Beom-u haulizi hivyo. Beom-u huuliza basi la mwisho ni saa ngapi." Kisha machozi yakamtoka katikati ya kicheko, akaweka koleo chini.

"Na 'usiende'?"

"Mimi."

"Kwa ajili yake?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Nikasema, "Kwa ajili yangu. Niliogopa kujulikana."

Alifuta mikono kwenye aproni. Mwenye duka alichungulia, akaondoka. Nikaanza kulia, naye akanikemea kwa sauti ya chini: "Usilie hapa. Wateja watadhani mkate umeharibika. Na sijakusamehe, usije ukaondoka na wazo hilo. Nafasi yangu kapewa mtu mwingine, unajua? Mtu asiyejua hata kukanda."

Nikasema najua. Nikamuuliza kama ipo nyingine. Alisema wanachukua tena majira ya vuli, na kwamba kwenda au kutokwenda si jambo la kuniambia mimi tena. Alisema na neno moja kuhusu ile miezi ya dirishani. Hilo silirudii hapa. Akitaka kukuambia, atakuambia.

Nilipofika mlangoni aliniita. Alisema hataki tena herufi, za mkono wala za kioo. Anataka sauti. Simu yake ya mkononi amebadilisha namba, na mpya hakunipa. Badala yake alinipa sharti, nami nimelikubali, na ndilo ninalokuandikia. Lisome vizuri.

Jumapili ya tarehe ishirini na tano atakuja kwangu, chumba nilichoanza kupanga karibu na ofisi, nyuma ya kiwanda cha mafuta ya ufuta. Wewe sasa una cheo, omba zamu ya simu baada ya chakula cha mchana, Koplo Ma asiwe karibu. Piga simu ya nyumba ya mama mwenye nyumba. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi kwa tarakimu kubwa, na amekubali malipo yawe upande wetu. Ikilia mara mbili bila kupokelewa usikate, itanibidi nivuke ua kutoka chumbani kwangu. Barua hii ikichelewa na tarehe ikapita, piga Jumapili inayofuata saa hiyo hiyo. Nimemwomba aje tena, na amesema atafikiri.

Ofisini usinipigie kamwe.

Nitapokea mimi, kwa sababu Cho-hui anataka hivyo. Nitasema, "Ni Eun-sil, dada yako." Wewe utasema jina lako kamili, naye atakuwa anasikiliza pembeni. Kisha nitampa mkono wa simu, nitavaa koti, nitatoka mpaka barabarani na sitarudi mpaka yeye mwenyewe anifuate. Mtakayosema siyaulizi, wala usiniandikie.

Ukipiga na ukasikia sauti isiyotaja jina lake kwanza, kata simu.

Eun-sil